Mgeni Aliyekaribishwa Ugali

Kama unakula, weka sahani kando kwanza. Haya si mambo ya kusikiliza tonge likiwa mkononi.

Pale Mountain View, mtaani kwetu Nairobi, sisi majirani tulikuwa tunasema Mukai ana madharau. Ukimpata mezani, anakuangalia tu. Hakwambii karibu! Mtu wa Machakos, aliyelelewa na mama akaleleka, anakula mbele yako amebana midomo kama aliyepakwa gundi. Tulimsengenya hadi tukachoka, na mimi nilikuwa mstari wa mbele. Halafu siku moja akanieleza yaliyompata.

Ilikuwa mwaka wa 2006. Mumewe, Mwololo, alikuwa muuzaji wa kampuni moja ya rangi pale mjini. Mtu wa maneno mengi, kicheko chake unakisikia ukiwa bado getini. Mwaka huo aliwapita wenzake wote kwa mauzo, kampuni ikampa zawadi: yeye na mkewe wakapumzike ufuoni Barbados, kule visiwa vya Karibea, ndege na hoteli juu ya kampuni. Hoteli yenyewe ni zile ambazo kila kitu kimeshalipiwa. Unavishwa bangili ya plastiki mkononi, halafu unakula na kunywa mpaka ushindwe mwenyewe.

Mukai hakutaka hoteli peke yake. "Tutoke huku kwote, halafu tufungiwe kwa geti tukule na wazungu? Mimi nataka nyumba. Nipike, niende soko, nione watu wa huko wanaishi aje."

"Uende Barbados kupika?" Mwololo akacheka. "Wewe uko sawa kweli?"

Walivutana wee, mwishowe wakaigawa safari. Siku za kwanza wangekodi nyumba ndogo ya ufuoni, hiyo ya Mukai. Zilizobaki wangehamia hoteli, hiyo ya Mwololo. Mukai akatia pakiti mbili za unga kwenye sanduku, akasafiri na furaha yake. Wazo la nyumba lilikuwa lake, na mpaka leo analijutia.

Nyumba ilikuwa ya mbao, rangi imebambuka, na jiko lake lilikuwa nyuma, likitazama kichaka. Mama mzee aliyeitunza aliwapa funguo na sharti moja. Wakianza kula, wafunge mlango wa nyuma. Wakisikia mtu huko nje, wasimjibu. Alisema hayo akiangalia chini, akaondoka kabla hawajamuuliza kitu.

Mchana huo Mukai alisonga ugali, akakaanga samaki. Joto lilikuwa la kuchemsha ubongo, kwa hiyo mlango wakauacha wazi. Walikuwa wameketi tu pale mtu alipokohoa huko nyuma. Kikohozi kizito, kimejaa makohozi.

Sasa unajua tulivyolelewa. Mtu akikupata unakula, mdomo hauombi ruhusa kwa kichwa. Mwololo, tonge likiwa shavuni, wala hakugeuka. Akaita, "Karibu! Karibu tukule!"

Hakuna aliyeingia. Lakini kiti cha tatu kilisogea.

"Ni upepo," Mwololo akanong'ona.

Upepo haukuwepo. Mukai alipoitazama sahani ya samaki, aliona mifupa mitupu, na juu yake ute mweupe, wa kuvutika. Ulinuka kama mdomo wa mtu aliyelala njaa siku nyingi. Mukai alikimbilia sinki akatapika, na siku zote walizokaa pale hakupika tena.

Kwa hivyo walipohamia hoteli, ni Mukai aliyetangulia kwenye teksi. Wakavishwa bangili zao za kijani. Wakaonyeshwa meza ndefu za vyakula, nyama za kila aina, matunda, keki. Mwololo akapakua mlima. Akala, akarudi, akapakua tena. Mukai alimwangalia, akajiambia ni raha ya likizo.

Halafu, wakiwa wanakula mchana, Mwololo akaacha kutafuna. Akaingiza vidole mdomoni, akashika unywele. Ulikuwa mvi. Akauvuta. Ukaja. Akavuta tena, ukaendelea kuja, ukitokea kooni huko, ukiteleza na ute, urefu wa mkono mzima. Mwisho wake ulikuwa umefungamana na kipande cha samaki. Aki kinyaa! Na wao hawakuwa wamegusa samaki tangu ile nyumba.

"Wapishi wao hawafungi vichwa," Mwololo akasema, machozi yakimtoka.

Akaufuta mkono kwa kitambaa, akashika uma. Aliendelea kula. Hapo ndipo Mukai alipoanza kuogopa.

Siku ya kurudi, Mukai alikata bangili yake kwa kimakasi cha kucha, akaitupa. Mwololo akakataa kabisa kukata yake. Watu wa ofisi wangejuaje kwamba alifika Barbados? Sisi watu wa Nairobi tunajuana. Mtu akipanda ndege mara moja, karatasi ya uwanja wa ndege inaning'inia kwenye sanduku mwaka mzima.

Basi akarudi nayo, akazunguka nayo mjini akiwa amekunja mikono ya shati. Na akazidi kula. Mkate mzima na chai. Sufuria nzima ya githeri, mahindi na maharagwe. Na kadiri alivyokula ndivyo alivyokonda. Mashavu yakaingia, shingo ikawa kamba. Kila kitu kikalegea mwilini mwake ila ile bangili, ambayo ilibaki imemkaa barabara. Daktari wa Kilimani alimpima damu, mkojo na choo, hakuona kitu. Mukai alianza kuamka akimgusa kifua, ahakikishe bado anapumua. Aliona wazi kwamba anamzika mumewe huku akimpakulia.

Jumamosi moja Mwololo akataka nyama. Wakaenda Kenyatta Market, akaitisha kilo mbili za mbuzi. Nyama ikaletwa juu ya ubao, imekatwakatwa, bado inatoa moshi. Akaanza.

Mukai akasikia kutafuna. Akamtazama mumewe. Mdomo umefungwa. Hautikisiki. Kutafuna kunaendelea. Sauti ilitoka chini ya kidevu, pale penye koo, mtu akimung'unya na kulamba. Na nyama iliyobaki kwenye ubao, ambayo hakuna aliyeigusa, ilikuwa imegeuka nyeupe, imelainika, imelowa. Nyama iliyokwisha kutafunwa. Watu wa meza ya pili walishika sahani zao wakahama.

Mwololo akainama, akanong'ona, "Mukai. Mimi sijameza kitu tangu tutoke Barbados."

Kesho yake Mukai alimwita mama mkwe wake, Kasyoki, kutoka Machakos. Mama huyo aliketi mezani, akamtazama mwanawe akila, na hakulia. Akauliza swali moja.

"Nani alimkaribisha?"

Mukai akamweleza yote, ugali, samaki, mlango, kikohozi.

"Na mkitoka kwa hiyo nyumba, mlimuaga?"

"Hatukumuaga, mwaitu," Mukai akajibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Tulitoroka."

"Si ndio hivyo!" Kasyoki akapiga meza. "Mtu amekaribishwa, akakula, hakuna wa kumsindikiza. Ataenda aje? Si atafuata wenyeji wake? Wewe ndio ulipika, wewe ndio utamtoa. Mfungie chakula. Umsindikize mpaka barabara, kama mtu. Usimtusi. Mpe mzigo wake, ugeuke urudi. Na usiongeze neno, umesikia? Hata moja."

Mukai akasonga ugali, akakaanga samaki, akafunga kwa karatasi ya foili, akatia ndani ya kiondo, kikapu chake cha kusuka. Jua lilikuwa la saa saba, kali. Akasimama kando ya kiti kilichokuwa kitupu.

"Haya, mgeni. Twende nikusindikize."

Kiti kikasogea.

Akatoka mlangoni. Akapita geti. Bawabu akamsalimia, akaitikia kwa kichwa tu. Nyuma yake miguu ilipiga lami. Miguu mitupu. Imelowa. Harufu ile ya mdomo ilimkalia begani, pumzi ya moto ikimgusa sikio. Njiani mkono wa pili ukashika kamba ya kiondo. Baridi. Unateleza. Ukamsaidia kubeba, kama mgeni yeyote mwenye adabu. Mukai aliyameza matapishi yake, akazidi kutembea.

Wakafika barabara kuu, Waiyaki Way. Magari yalikuwa yanapita kwa fujo. Akaachilia kiondo.

Kiondo hakikuanguka.

Harufu ikaondoka. Bega likawa jepesi. Mukai alivuta hewa ya moshi wa malori akaiona tamu, akajua mumewe amepona, na furaha ikampanda hadi kichwani. Na mdomo wake, uliofundishwa na mama yake tangu utotoni kumtoa mgeni vizuri, ukafunguka wenyewe.

"Haya, safari njema," akasema. "Karibu tena."

Kiondo kilikuwa kimeanza kwenda. Kikasimama kidogo. Kisha kikaendelea, polepole, kikapotea upande wa Kangemi.

Nyumbani alimkuta Mwololo amekunywa nusu kikombe cha uji na kukisukuma mbele. "Nimeshiba," alikuwa anasema, akilia kama mtoto. "Mwaitu, nimeshiba." Bangili ya kijani ilikuwa mezani. Haikuwa imekatwa.

Kasyoki akamshika Mukai mkono. "Uliongeza neno?"

"Hapana, mwaitu," akasema Mukai.

Leo Mwololo ana kitambi. Kicheko chake kimerudi, tunakisikia kutoka getini. Mukai ndiye amebaki mifupa. Amenyoa kichwa upara, kwa sababu hawezi kuona unywele bila kutapika.

Haya yote alinieleza jikoni kwake, mchana, Mwololo akiwa kazini. Kando ya mlango wa nyuma palikuwa na kiondo kitupu, kimelowa. Nilimuuliza kama yule mgeni alirudi. Alinyoosha mkono kunimiminia chai, sweta ikapanda, nikaiona bangili ya kijani. Niliigeuza nikitafuta pa kukata. Haikuwa na kiungo.

Nje, mtu akakohoa.

Na mimi nimelelewa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mukai akaruka, akauziba kwa kiganja, akanishikilia hivyo, macho yamemtoka, mpaka kukawa kimya. Kiganja chake kilikuwa kimelowa na kinateleza. Kilinuka samaki.

Nilikimbia kwangu nikajitazama kwenye kioo. Unywele mmoja wa mvi ulikuwa umenata mdomoni. Nikaushika niutoe, nikakuta mwisho wake uko ndani.