Gauni la Mkono Mmoja

Muuza maziwa aliapa kwa mama yake aliye kaburini kwamba alimwona mtoto darajani asubuhi ile, yuko peke yake, peku, na gauni la njano.

"Tena ndiye hasa," akasema, "maana nilijiuliza, mtoto wa fundi cherehani anatembeaje na gauni la mkono mmoja? Mkono wa kulia haujashonwa kabisa! Nikasema, kweli mganga hajigangi. Nilipomwita akakata kona, nami kufika pale, hola."

Watu waliojaa sebuleni wakatikisa vichwa. Fundi mwenyewe, mama wa mtoto, alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Aliposikia habari ya mkono, akageuka kuutazama mlango wa chumba cha pili. Gauni la njano lenye mkono mmoja lilikuwepo kweli, lakini lilikuwa chumba cha pili, chini ya sindano ya cherehani, na hakuna kiumbe aliyewahi kuliona isipokuwa yeye. Alikuwa akimshonea binti yake kwa siri.

Hebu tuelewane hapa, maana ndipo balaa lilipopata mlango. Jana yake mchana Chiriku, ndivyo walivyomwita mtoto kwa lile domo lake lisilojua likizo, alitoka uani kucheza asirudi. Polisi wakauliza amevaa nini. Fundi tangu alfajiri macho yake hayakuona kitu ila kitambaa cha njano, basi ulimi ukamponyoka: "Gauni la njano." Mumewe, dereva wa lori, akadakia kwa uchungu, "Angalau hilo analijua! Mama gani, mtoto anapotea yeye kainamia cherehani!" Jioni ndipo Fundi alipokumbuka kwamba Chiriku alitoka na sweta lake kuukuu la kijani, lile la kiraka kiwikoni. Lakini gauni la njano lilikuwa limeshatangazwa mtaa mzima, na yale maneno ya mumewe bado yalikuwa yanamchoma. Akaona aibu. Akajiambia, mtoto ni uso, watamjua tu kwa uso wake. Akanyamaza.

"Tuwe na utaratibu," alisema Mwalimu, jirani mstaafu aliyejipa kazi ya uenyekiti bila kuchaguliwa na mtu. "Tuna mashahidi wa darajani, wa sokoni na wa kituo cha mabasi. Wote wanasema gauni la njano. Kwa maoni yangu mtoto ametekwa, na mtekaji anamzungusha."

"Mtekaji gani huyo, Mwalimu?" Wifi mtu, dada wa dereva, alikuwa hajapepesa macho tangu muuza maziwa aanze kusema. "Anamteka mtoto halafu anamwachia azurure mjini, kila mtu amwone, asishikwe na yeyote? Huyo wanayemwona si mtoto wetu. Jini hana sura yake, huazima. Na sisi tangu jana tumekazana kutangaza, gauni hivi, nywele vile, kimo hiki. Tunamkatia nguo, jamani. Yeye anavaa tu."

"Dada, nyamaza!" dereva akafoka. "Mimi nataka mwanangu, sitaki hadithi."

Fundi akainuka kimya, akaenda chumba cha pili. Gauni lilikuwa palepale alipoliacha, lakini pindo lake lilikuwa limelowa tope jeusi, na chumba kilinuka kutu na maji yaliyolala siku nyingi. Gurudumu la cherehani lilikuwa linazunguka polepole, kwii, kwii, kama mtu ameondoa mguu kwenye pedali sasa hivi. Akarudi sebuleni mbiombio, asimwambie mtu.

Akamkuta Porojo amesimama mlangoni. Huyu alikuwa mzibua mitaro, na jina lake hakulipata bure. Aliwahi kuapa kwamba alipeana mkono na kenge.

"Mimi nimemsikia mtoto," alisema Porojo, kofia mkononi. "Kwenye lile bohari bovu nyuma ya mtaa wenu. Nimechungulia kwenye tundu la hewa, nikamwona yuko chini, kwenye chumba cha maji. Anaongea peke yake kama anajibizana na mtu. Nimevuta mlango wa chuma, umegoma. Njooni tusaidiane."

"Amevaa nini?" akauliza Mwalimu.

"Sweta la kijani. Lina kiraka kiwikoni."

Mwalimu akapumua. "Basi si yeye. Asante, bwana."

"Leo hukukutana na kenge?" mtu akachomekea, na wengine, kwa uchovu tu, wakacheka.

Fundi alifungua mdomo. Alimwona mumewe, macho mekundu ya kutolala, akamwona Mwalimu, akawaona majirani waliozunguka usiku kucha na tochi wakitafuta gauni ambalo halikuvaliwa na mtu. Nitawaambiaje?

Ndipo mlango ukagongwa. Taratibu. Ngo, ngo.

Porojo, aliyekuwa karibu, ndiye aliyefungua. Mtoto alikuwa amesimama kizingitini, nywele zilezile, uso uleule, peku, na gauni la njano la mkono mmoja. Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Dereva alimnyakua akamkumbatia akilia kama mtoto mwenyewe, kisha akaufunga mlango kwa ufunguo na kuutia mfukoni. "Hatoki mtu!" akasema. "Hapotei tena mwanangu!"

Chiriku wa kweli angekuwa ameshasema maneno elfu. Huyu hakusema neno. Aliteremka mikononi mwa baba yake akaja moja kwa moja hadi kwa Fundi, na harufu ya kutu ikaja naye, na Fundi akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka chumba cha pili, mpaka mgongo ukagota kwenye cherehani ambako gauni la njano lilikuwa bado limelala chini ya sindano huku jingine kama hilo likiwa limesimama mbele yake na macho yasiyopepesa.

"Mama," kile kitu kikasema. "Nimalizie mkono."

Akalitazama bega lile lililo wazi. Chiriku alikuwa na kovu la chanjo pale, kubwa kama kifungo. Kwenye bega hili hapakuwa na kitu, ngozi tupu, maana katika maneno yote yaliyosemwa tangu jana hakuna aliyekumbuka kulitaja. Na Fundi akaelewa. Akaelewa kwamba akiumaliza mkono ule atakuwa amemaliza kila kitu, kwamba watu watakwenda zao makwao wakishukuru, polisi watafunga kesi, hakuna atakayetafuta tena, na mwanawe atabaki kule chini kwenye chumba cha maji akiongea na giza mpaka sauti imkauke, na yeye mama mtu atakuwa anakipikia, anakiogesha na kukilaza hiki kitu kinachonuka kutu, miaka nenda miaka rudi.

Akautwaa wembe wa kufumulia. Akaanza kulifumua gauni lililo chini ya sindano, nyuzi zikilia tatata, na kila mshono ulipoachia, mtoto aliyesimama mbele yake alifunguka mshono uleule na kupiga ukelele uliowafanya watu wote wamiminike mlangoni.

"Mama Chiriku, una wazimu?" Dereva alimkamata mikono. "Unataka kumkata mtoto!"

"Niache, baba Chiriku! Nilikosea!" Sasa hakujali aibu wala nini. "Hakuvaa gauni! Gauni sijalimaliza, litazame hili hapa! Alivaa sweta la kijani, la kiraka kiwikoni! Porojo amesema kweli, na mimi nimenyamaza, nimenyamaza mwanangu akifa!"

Ukelele ukakatika. Walipogeuka, sakafuni palikuwa na dimbwi la maji meusi tu, hakuna mtu. Muuza maziwa akaanguka chini. Dereva alijaribu kufungua mlango, ufunguo ukamtoka mkononi mara mbili.

Bohari lilivunjwa mlango kwa nondo. Porojo alishuka akamtoa Chiriku mwenyewe, baridi, midomo imepauka, sweta la kijani limelowa, akiongea tangu anainuliwa: ana kiu, aliteleza kwenye tundu la hewa, aliita na hawakuja, na kulikuwa na mtoto mwingine kule chini anayemuuliza kila kitu chake. Nyumbani Fundi alimvua sweta, akapitisha kidole begani. Kovu lilikuwepo. Akamkumbatia, hakusema neno.

"Umefanya vyema kunyamaza, wifi," dada wa dereva alimnong'oneza. "Maana sweta na kiraka umeshavipigia kelele, kila mtu kasikia. Kilichobaki, kifiche."

Jua lilikuwa linazama. Mlango ukagongwa. Taratibu. Ngo, ngo.

"Mama," sauti ya Chiriku ikasema kutoka nje. "Nasikia baridi. Sweta langu limelowa."

Chiriku aliyekuwa kifuani mwa Fundi akanyamaza, kwa mara ya kwanza tangu atolewe shimoni. Majirani wakatazamana, wakamtazama na mtoto, na Fundi akaiona shaka inavyoingia machoni mwao, jicho hadi jicho. Dereva naye akaiona. Akaruka akasimama mbele ya mkewe na mtoto, mikono ameitanua.

"Asimguse mtu!" akapaza sauti. "Huyu ndiye wetu, namjua mimi baba yake! Ana kovu la—"

"Baba Chiriku, usi—" Fundi alinyoosha mkono kumziba mdomo.

"—la chanjo, bega la kulia!"

Nje kukasikika kitu kama kitambaa kinachanika.

"Hata mimi ninalo, baba," sauti ikasema. "Nifungulieni mlione."