Tisini na Nne, Bila Ukurasa Hata Mmoja

Kila Jumatano, kipindi cha tatu, ukipita nje ya darasa la kidato cha tatu ungesikia maneno yale yale.

"Fungua alama. Andika kichwa cha habari. Funga alama. Mmeandika?"

"Tumeandika, mwalimu!"

"Haya, tuendelee. Fungua alama..."

Somo lenyewe lilikuwa kutengeneza tovuti. Tovuti ni zile kurasa tunazofungua kwenye simu au kompyuta tukitafuta habari, bei za vitu, au mahali duka lilipo. Huandikwa kwa alama maalumu. Alama hizo huiambia kompyuta: hiki ni kichwa cha habari, haya ni maelezo, hapa weka picha. Mwalimu alizijua zote. Lakini alizifundisha kwa chaki, na wanafunzi wakazinakili daftarini kama imla.

Usidhani alikuwa mvivu. Alifika shuleni kabla ya mlinzi kumaliza chai. Chumba cha kompyuta kilikuwepo, na kompyuta nane zilikuwepo, tano zikiwa nzima. Zilikaa zimefunikwa vitambaa vyeupe kama wagonjwa. Intaneti ilifika ofisi ya mkuu wa shule tu. Kwa hiyo mwalimu alijiambia, "Tovuti bila intaneti? Nitakuwa natwanga maji kwenye kinu." Akashika chaki yake.

Wanafunzi walimwita Fungua-Funga. Alilijua jina hilo. Alijifanya halijui.

Katika darasa hilo alikuwemo binti yake mwenyewe. Mtihani wa muhula ulipotoka, binti alipata tisini na nne. Wa kwanza! Alirudi nyumbani anaruka, karatasi mkononi, akapitia moja kwa moja dukani kwa mama yake.

Mama alikuwa fundi cherehani. Duka lake lilikuwa barabarani, na watu wote walilijua kwa mlango wake wa bluu. Siku hiyo alikuwa amekaa tu, miguu haiko kwenye kanyagio. Binti akajua kuna jambo.

"Mama, nimepata tisini na nne!"

"Hongera, mwanangu. Hongera sana." Mama akamkumbatia, kisha akamwonyesha barua. "Na mimi nimepata hii. Jengo linavunjwa. Tuwe tumehama ifikapo mwisho wa mwezi."

"Tunahamia wapi?"

"Chumba nimepata, kule nyuma ya mashine ya kusaga. Kizuri tu, kina mwanga. Lakini nani atanifuata kichochoroni? Miaka kumi na moja watu wanaujua mlango wa bluu. Wakikuta vifusi, watasema fundi kafa, watakwenda kwa mwingine." Akaikunja barua. "Ila nimepata wazo. Wateja wangu wote wana simu. Wewe si unasoma tovuti? Nitengenezee ukurasa. Uonyeshe nilipohamia, namba yangu, na kazi zangu. Hata mdogo tu."

Binti aliitazama karatasi yake ya mtihani. Akaikunja mara mbili.

"Sijui, mama."

"Hujui nini?"

"Sijui kutengeneza. Najua kuziandika alama daftarini. Sijawahi kuigusa kompyuta."

Mama alicheka, akidhani ni utani. Alipomwona mtoto machozi yanamlengalenga, akaacha. "Jamani! Tisini na nne ya nini sasa?"

Jioni mwalimu aliulizwa swali hilo hilo, tena mezani, mbele ya binti. Wewe ungejibu nini?

"Mke wangu, kompyuta ni chache. Intaneti hakuna. Mimi nifanyeje?"

"Sikulaumu, Mwalimu," mkewe alisema, na akimwita mumewe Mwalimu, ujue analaumu. "Nauliza tu. Mtoto amefundishwa mwaka mzima. Amekuwa wa kwanza. Ukurasa mmoja haupo?"

Mwalimu aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni.

Jumamosi asubuhi alivaa viatu akapanda ghorofa ya juu. Huko aliishi jirani yao, dada mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti za maduka na zahanati. Mwalimu alikuwa akimsalimia kwenye ngazi kila siku. Hakuwahi kumuuliza neno kuhusu kazi yake.

"Hodi!"

"Karibu, Mwalimu! Leo umepotea njia?"

"Nimepotea kweli, dada. Nahitaji msaada." Akamweleza yote, hata hiyo tisini na nne.

Jirani alisikiliza hadi mwisho. Hakucheka, ingawa midomo ilimcheza kidogo.

"Fuatana nami, twende dukani kwa wifi," alisema.

Walimkuta fundi akimfundisha mwanagenzi wake wa kwanza wa mwaka ule, msichana aliyeanza wiki hiyo. Msichana alikuwa na mkasi mkononi na gazeti kuukuu mezani. Alichora sketi juu ya gazeti, akakata, akajipima kiunoni. Ilimbana. Fundi alimpa gazeti jingine.

"Wifi," jirani akauliza, "huyu umempa mkasi lini?"

"Siku ya kwanza."

"Hukumwandikisha kwanza majina ya mishono?"

"Majina ya nini? Atayajua akishona. Gazeti likiharibika ni gazeti."

Jirani akamgeukia mwalimu. "Umesikia? Wewe umewafundisha majina ya mishono mwaka mzima."

Fundi akaangua kicheko, na mwalimu mwenyewe akajikuta anacheka, maana alikuwa amepatikana.

"Lakini intaneti sina, dada," alijitetea.

"Ya nini? Ukurasa wa tovuti ni faili tu, Mwalimu, kama barua uliyoiandika kwenye kompyuta. Kila kompyuta ina programu ndogo ya kuandikia maandishi matupu. Mwanafunzi anaandika alama zake humo, anahifadhi, kisha anaifungua faili hiyo kwa programu ile ile ya kusomea tovuti. Inafunguka hapo hapo, bila intaneti. Akikosea anaona amekosea. Anarekebisha, anafungua tena. Intaneti mtaihitaji siku ya kuupeleka ukurasa kwa watu, na siku hiyo hata simu yako inatosha."

Mwalimu alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Kumbe!"

"Na wanafunzi arobaini na mbili kwa kompyuta tano?" fundi aliuliza kwa niaba yake.

"Wanne wanne. Kundi moja kwa kila mashine, wengine kwenye karatasi. Kila ukurasa uanzie kwenye karatasi, kama sketi hii ilivyoanzia kwenye gazeti. Wakate karatasi ya ukubwa wa simu. Wachore: juu kutakaa nini, chini nini. Kisha zamu kwenye kibodi, dakika kumi kila mmoja. Asiwepo bingwa wa kuwafanyia wenzake." Jirani akainua kidole. "Na kila kundi liwe na mtu wa kweli wa kumtengenezea. Wamwulize kwanza: wateja wako ni nani, na wanataka kujua nini?"

"Mteja mmoja nimeshampata," mwalimu alisema, akimtazama mkewe.

Jumatano ile vitambaa vyeupe vilivuliwa. Vumbi lilikuwa la kutosha kupanda mahindi. Wanafunzi walipiga chafya, walisukumana, walibonyeza kila kitu. Mwalimu alisimama mlangoni jasho likimtoka. Chaki ilikuwa mfukoni, na mkono ulikuwa unaitafuta.

"Mwalimu, yangu imetoka nyeupe tupu!"

"Yangu maandishi yote yamekuwa makubwa kama bango!"

Zamani angesema, fungua alama, funga alama. Sasa aliuliza, "Mmeona tofauti gani na ya kundi lile? Tafuteni." Wakatafuta. Kundi la nyuma likagundua halikufunga alama ya kichwa cha habari, ndiyo maana maandishi yote yalikuwa makubwa. Walipoifunga, maandishi yakatulia, na kundi zima likapiga yowe lililomleta mkuu wa shule mbio akidhani kuna nyoka.

Kundi la binti lilichukua duka la mama yake. Walimwendea wakiwa na daftari, wakamhoji kama polisi. Wateja wanauliza nini zaidi? Fundi alijibu bila kufikiri: "Uko wapi, umefungua, na yangu iko tayari?" Basi juu kabisa wakaandika mahali, chini yake saa za kazi, kisha namba ya simu. Picha zikafuata.

Baada ya wiki mbili ukurasa ulikuwa tayari, na ulikuwa mzuri, tusiseme uongo. Binti alikuwa ameweka picha kumi na nne za nguo. Jirani aliwaonyesha mwalimu na kundi jinsi ya kuupandisha mtandaoni, kwenye mojawapo ya huduma zinazohifadhi kurasa ndogo bure. Akaunti ilifunguliwa na mwalimu, siyo wanafunzi. Kisha wote wakaenda dukani kwa mbwembwe.

"Mama, fungua kwenye simu yako!"

Simu ya fundi ilikuwa ya zamani, kioo kina ufa. Alifungua. Wakasubiri. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Fundi akatunga uzi kwenye sindano. Kiduara bado kinazunguka.

"Labda nishone kwanza gauni," alisema.

Binti alitaka ardhi ipasuke. Siku nne tu zilibaki kabla ya kuhama. "Shuleni ulifunguka mara moja!"

"Shuleni uliufungua kwenye kompyuta ile ile uliyouandikia," jirani alisema kwa upole. "Mteja wako anayo simu kama ya mama, na bando la kubana. Picha hizi zimetoka kwenye kamera zikiwa nzito mno. Mtapunguza ukubwa wake, na mtabakiza nne. Tena jaribuni kila mara kwenye simu mbovu kuliko zote mnayoweza kuipata."

"Basi mmefika," fundi alisema, akiinua yake.

"Na namba ya simu," jirani aliendelea, "mmeichora ndani ya picha. Mtu hawezi kuigusa akapiga. Iandikeni kama maandishi, muiwekee kiungo, mtu aguse tu simu ilie." Akatazama tena. "Huyu mama aliyevaa gauni la kijani, mlimwomba ruhusa kumweka?"

Wanafunzi wakatazamana.

"Limempendeza tu," mmoja alinong'ona, akimaanisha gauni.

"Hata kama. Mtandaoni kila mtu anaona. Muulizeni, akikataa mtoe. Au pigeni picha nguo ikiwa kwenye kiango."

Mwanamke wa gauni la kijani alikataa. Wakamtoa. Kesho yake picha zilikuwa nne, nyepesi, za nguo tu. Ukurasa ulifunguka kwenye simu ya ufa kabla fundi hajamaliza kuvuta pumzi. Akaigusa namba yake kwa kidole chenye kastabini ya kukinga sindano, na simu ya mwanagenzi, iliyotiwa laini ya duka kwa majaribio, ikalia mezani. Fundi akapiga vigelegele peke yake. Kisha akaandika anwani ya ukurasa kwenye kila risiti, na nyingine kubwa kwenye mlango wa bluu.

Wakahama. Siku ya kwanza kichochoroni, hadi saa sita hakuna aliyekuja. Mashine ya kusaga ilinguruma. Fundi alifagia mara tatu mahali pasafi. Binti na baba yake walifika kutoka shuleni, wakakaa kwenye benchi. Mwalimu alimwona mkewe anavyoutazama mlango.

Ndipo akaingia mzee mmoja, dereva wa lori, anahema, suruali mbili begani.

"Hodi! Nyie ndio mlioandika maelekezo haya?" Alitikisa simu yake. "'Kuanzia mashine ya kusaga, mlango wa tatu.' Nimehesabu mlango wa tatu, nikaingia na suruali zangu kwa fundi redio! Kaniuliza zina tatizo gani la sauti!"

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Nyuma ya dereva walisimama watu wengine wawili, mwanamke mwenye kitambaa na kijana mwenye koti. Wao pia walikuwa wametokea kwa fundi redio.

Binti alikwishasimama. "Nilisahau kuhesabu mlango wa mashine yenyewe. Samahani, mzee. Ni wa nne. Baba, nipe simu yako."

Akaingia kwenye akaunti ya baba, akafungua faili ya ukurasa. Vidole vilipita juu ya alama, vikasimama mahali penyewe. Mwalimu aliinama begani kwake na kufungua mdomo. Mkewe akamtazama, futi ya kupimia ikiwa shingoni. Mwalimu akaufunga.

Binti alifuta neno moja, akaandika jingine, akahifadhi.

"Fungua tena, mzee."

Dereva akafungua. "Mlango wa nne," alisoma. "Haya, sasa mnasema kweli." Akamkabidhi fundi suruali zake, akaketi kwenye benchi, na wale wawili wakasogea ndani.