Nimechomwa Sindano

Raudha alikuwa dobi wa hospitali. Kila siku saa moja asubuhi alikuta mashuka yamerundikwa nyuma ya jengo, yanamngoja. Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, ya mtu binafsi, pale Nachingwea mjini. Wauguzi walijulikana kwa majina yao. Dobi alikumbukwa siku mashuka yalipokosekana.

Hakuwa na kinyongo. Kazi hiyo ilimsomesha binti yake, Zulfa. Korosho zikigoma, ilimlisha hata mumewe, Bilali. Mwenzake wa kufua alikuwa Magreti, mwanamke wa maneno mengi na mikono myepesi. Walifua, walianika, walipiga soga, na siku ikapita.

Jumatatu moja, saa kumi alasiri, Raudha alinyanyua shuka la wodi ya wanaume ili alikung'ute. Kitu kikamchoma kidole cha shahada, mkono wa kulia. Glovu yake ilikuwa imetoboka tangu wiki iliyopita. Alitazama, akaona sindano imenasa kidoleni. Damu ilikuwa inatoka.

"Mama yangu!" Magreti alisema, akaichomoa. "Nani huyu anaacha sindano kwenye shuka?"

Raudha akakiminya kidole, kisha akakitia mdomoni na kunyonya damu. Ndivyo afanyavyo mtu aliyejikata na kisu jikoni, na hakuna aliyewahi kumwambia vingine. Akakifunga kwa kitambaa, akaenda kwa Bwana Jofrey.

Bwana Jofrey alikuwa msimamizi wa wafanyakazi. Alikuwa mtu wa Njombe, mpole, na kila jambo aliliandika kwenye daftari lake kubwa.

"Samahani, bosi," Raudha alisema. "Leo nimechomwa sindano."

"Pole sana, mama," alijibu akiendelea kuandika. "Unajisikiaje?"

"Kizunguzungu kidogo."

"Basi nenda nyumbani. Pumzika, urudi Ijumaa."

Raudha alishukuru kutoka moyoni. Siku tatu za mapumziko, na hakumbembeleza mtu! Kesho yake akaona bora siku hizo azitumie vizuri. Akapanda gari kwenda Likunja, wilaya ya Ruangwa, kumsaidia mama yake kuvuna ufuta.

Lakini Jumatano kidole kilianza kuvimba. Alipojaribu kukung'uta ufuta juu ya turubai, mganda ulimponyoka mkononi. Alhamisi asubuhi kidole kilikuwa chekundu, kinapwita, na mama yake hakutaka kusikia habari ya majani wala maji ya chumvi.

"Twende zahanati," mama alisema. "Kidole hicho si cha kuchezea."

Kwenye zahanati walimkuta Elineema, muuguzi mwenye mvi aliyehamishiwa kule kutoka Same miaka mingi iliyopita. Watu wa Likunja walimwita daktari, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Kidole kimefanya nini?"

"Jumatatu hii nilichomwa sindano."

"Ya kidoleni?" Elineema alikunja uso. "Walikuwa wanakupima malaria?"

"Hapana, sikuwa naumwa. Mimi ni dobi wa hospitali. Sindano ilikuwa kwenye shuka."

Elineema akaweka kalamu chini.

"Ngoja, dada. Ilikuwa imetumika kwa mgonjwa?"

"Nadhani. Ilikuwa na damu."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi alasiri."

Elineema akatazama saa ukutani. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alihesabu kwa vidole, polepole, na Raudha akaanza kuogopa kwa jinsi alivyokuwa akihesabu.

"Sikiliza vizuri," alisema. "Sindano iliyotumika inaweza kubeba virusi vya UKIMWI, au homa ya ini. Sijasema umeambukizwa. Lakini kuna dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI. Zinatakiwa kuanza mapema sana, na zisizidi saa sabini na mbili tangu uchomwe. Zako zinaisha leo saa kumi. Hapa kwangu hazipo. Nenda hospitali Ruangwa mjini sasa hivi. Nawapigia simu."

Mama yake Raudha alikaa chini sakafuni pale pale. Raudha hakulia. Alimfikiria Zulfa, alimfikiria Bilali, na alifikiria zile siku tatu alizoshukuru kama zawadi.

Bodaboda ilimfikisha Ruangwa saa saba kasoro. Walimpima damu, wakamshauri, na saa nane na nusu alimeza kidonge cha kwanza. Ilibaki saa moja na nusu tu. Walimwambia ameze kila siku kwa siku ishirini na nane, asiruke hata moja, na arudi kupimwa. Wakampa pia chanjo ya homa ya ini. Kisha daktari akapasua kidole na kutoa usaha. "Usaha umefika kwenye kiungo," alisema. "Usifanye kazi za maji mpaka nikuruhusu."

Ijumaa Elineema alipita nyumbani kwa mama kutazama kidonda. Bilali naye alikuwa amefika kutoka Nachingwea, amekaa karibu na mkewe.

"Ukichomwa tena, Mungu apishe mbali," Elineema alisema, "usiminye wala usinyonye. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Halafu toa taarifa saa ile ile. Wewe ulimwambia nani?"

"Bosi wangu. Akanipa mapumziko."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia nimechomwa sindano."

Elineema akatikisa kichwa. "Hata mimi ulinichanganya. Hospitalini, wangapi kwa siku wanasema wamechomwa sindano? Wote wamechomwa na nesi. Huyo bosi wako hajui kama uliumia."

Raudha aliyarudia moyoni. Maneno mawili tu, na yote mawili ya kweli.

"Sasa ajue," Elineema aliendelea. "Umeumia kazini. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ni wa wafanyakazi wote wa Tanzania Bara, wa serikali na wa binafsi. Daktari na dobi ni sawa."

"Mimi sijawahi kukatwa mchango huo," Raudha alisema.

"Hukatwi. Anayechangia ni mwajiri. Ukiumia kazini, au ukipata ugonjwa kwa sababu ya kazi, Mfuko unagharamia matibabu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, unakulipa sehemu kubwa ya mshahara. Ukibaki na ulemavu, kuna fidia yake. Mfanyakazi akifa, wategemezi wake wanaangaliwa."

"Lakini hiyo si ni kwa waliopata ajali?" Bilali aliuliza. "Huyu hakugongwa na pikipiki."

"Ajali ya kazini si ya barabarani tu, shemeji. Kuteleza wodini ni ajali. Kuchomwa na sindano ya mgonjwa ni ajali." Akamgeukia Raudha. "Mwajiri akishapata taarifa, ana siku saba za kuipeleka kwenye Mfuko. Akikaa kimya, nenda mwenyewe, au ndugu yako aende. Usingoje mwaka upite. Na usiseme tena umechomwa sindano. Sema siku, saa, mahali, sindano ilitoka wapi, na nani alikuona."

Jumamosi Raudha alirudi kazini na barua ya daktari, mkono umefungwa bandeji. Bwana Jofrey alifungua daftari, akasoma kwa sauti: "Raudha, dobi. Mgonjwa. Amechomwa sindano. Siku tatu za ugonjwa."

"Bosi, sikuwa mgonjwa," Raudha alisema. "Jumatatu saa kumi alasiri, kwenye karo la kufulia, sindano iliyotumika ilikuwa ndani ya shuka la wodi ya wanaume. Ilinichoma kidole. Magreti ndiye aliyeichomoa. Sasa hivi nameza dawa za kinga."

Bwana Jofrey alisoma barua. Akaisoma tena.

"Mungu wangu. Mimi nilidhani umechomwa na nesi." Kisha akashusha sauti. "Mama, hili likiandikwa, hospitali itaonekana vibaya. Hatuwezi kulimaliza hapa hapa? Nikuongezee mapumziko, yaishe."

Raudha alikitazama kidole chake. Alimheshimu Bwana Jofrey, na ilimuuma kumkatalia.

"Mapumziko ulinipa, bosi, na yalikaribia kuniua. Naomba uandike ilivyokuwa."

Magreti alikuwa amesimama mlangoni, ametulia kuliko siku zote. "Na mimi uniandike," alisema. "Niliona kwa macho yangu."

Bwana Jofrey akachukua kalamu. Alichora mstari juu ya maneno ya zamani, akaandika mapya, akatia sahihi na tarehe. Magreti naye akatia sahihi. Siku ile ile Bwana Jofrey alijaza fomu ya taarifa ya ajali, na Jumatatu ilikwenda kwenye Mfuko.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizito. Dawa zilimtia kichefuchefu. Yeye na Bilali waliishi kwa tahadhari kama walivyoelekezwa, na Bilali hakumnung'unikia hata siku moja. Kila alipokwenda kupimwa, alimsindikiza na kumngoja nje, kofia mkononi. Kipimo cha mwisho kilipotoka, Raudha alifungua mlango akamwendea Bilali. Akamtikisia kichwa: hakuna virusi. Bilali akaegemea ukuta, akalia mbele ya watu.

Mfuko uligharamia matibabu, na siku ambazo hakufua, nyumba yake haikulala njaa. Kidole kilipona, ila hakikunjiki tena. Alipimwa ulemavu huo, akalipwa fidia yake. Angependa zaidi kubaki na kidole chake kizima, na alisema hivyo kwa kila aliyempongeza.

Hospitalini mambo yalibadilika. Kila wodi iliwekewa boksi la kutupia sindano. Madobi walipewa glovu nene. Na semina ya usalama kazini ilipofanyika, wafagiaji na madobi waliitwa pia, sawa na wauguzi. Raudha ndiye aliyesimama kuwaonyesha kidole.

Asubuhi moja Gregori, mlinzi wa getini, aliingia kwa Bwana Jofrey anachechemea. Raudha na Magreti walikuwa pale wanapokea sabuni.

"Bosi, naomba ruhusa. Nimechomwa sindano."

Bwana Jofrey akaruka kitini, kalamu ikaanguka. "Imetoka kwa nani? Saa ngapi? Wapi? Nani alikuona?"

Gregori akarudi nyuma hatua moja. "Kwa nesi Eva, bosi. Sasa hivi. Nina malaria."

Magreti alicheka mpaka akashika meza. Gregori naye akacheka, ingawa hakujua anacheka nini. Raudha hakucheka. Aliinama, akaiokota kalamu kwa kidole chake kisichokunjika, akampa Bwana Jofrey.

"Wewe waulize hivyo hivyo, bosi," alisema. "Kila siku."