Kikohozi cha Stoo

Haya yalimpata rafiki yangu Shaibu, injinia mkuu wa mashine katika hospitali moja mjini Mwanza. Ilikuwa miaka ya tisini. Maduka ya Nyamagana yalikuwa yamejaa redio na majokofu ya kila aina, lakini vali ya mashine ya oksijeni hukuipata hata kwa dawa.

Adhuhuri moja mashine ya oksijeni ya wodi ya watoto ikazimika, vali yake imepasuka. Muuguzi Getruda akamkimbilia.

"Injinia, fanya haraka! Yule mtoto Mboni anaishiwa pumzi, na mitungi yote ni mitupu."

Shaibu akakumbuka mashine mbovu iliyotupwa stoo. Mota yake aliing'oa mwenyewe zamani, ila vali huenda ilibaki. Stoo haikuwa na dirisha, na taa ilishaungua. Akaingia akipapasa. Gizani akasikia pumzi: hiii... haaa... Akazifuata mpaka mkono ukagusa kasha la ile mashine. Lilikuwa likitetemeka. Akafungua kifuniko, akapapasa ndani. Hamkuwa na mota, wala vali, wala waya. Pumzi zikaendelea kidogo, kisha zikakoma.

Getruda akatokea mlangoni analia. "Rudi tu, Injinia. Mboni ametutoka."

Mikono ya Shaibu, iliyofufua mashine nyingi, ikaning'inia tu.

Hapo ndipo kasha lilipokohoa, kikohozi kidogo, kikavu, mara mbili.

Getruda akaushika mlango. "Injinia," akanong'ona, "hicho ni kikohozi cha Mboni."

Na pumzi zikaanza tena, taratibu, kama za mtoto aliyelala.