Aliyejibu Kizimbani

Hebu niambie wewe: mtu akiulizwa swali, akajibu mwengine kwa kinywa chake, jibu hilo ni la nani?

Likoni, mwaka 1959, kitu kilianza kwa harufu. Mwanasaumu alikuwa akikuna nazi, mchana kweupe, nyumba ikajaa udi.

"Umefukiza?" mumewe, Mwidani, akauliza.

"Sijafukiza. Kwani nawe wanusa?"

Kesho yake mamake, Bi Dhahabu, alimwita uani. Mwanamke wa pwani huitika abee; naam ni ya wanaume. Mwanasaumu aliitika kwa sauti nzito, ya kifuani: "Naam."

Bi Dhahabu alimvuta mkwewe kando. "Mwanangu kapandwa. Mwite fundi wa kupunga pepo leo, baba."

"Tungoje Ijumaa, mama. Majirani watanicheka."

Alhamisi, kwa mikono ya mkewe, Mwidani aliangushiwa mchi wa kinu kichwani, akafa. Jini lilipomwachia, Mwanasaumu alimtazama askari aliyemfunga pingu akamwuliza, "Mume wangu keshakula?"

Sasa sikiliza sheria, hiyo Wazungu waliyoileta kwa meli. Mwendawazimu hanyongwi, ikiwa hakujua alitendalo. Haya, good. Lakini daktari wa serikali alimwuliza siku za juma, akazitaja zote; akaandika kwamba akili ni timamu. Fundi aliomba aingie jela amtoe jini, akafukuzwa langoni kama mwizi wa kuku. Shingo ya Mwanasaumu ikabaki kuning'inia kwenye swali moja.

Wakili wa serikali aliliuliza kwa Kiingereza, Justus, mkalimani wa kutoka Machakos, akalifasiri, "Ulipoinua mchi, ulijua unamwua mumeo?", na pangaboi juu likaendelea kuzunguka lakini upepo wake ukakatika, na Mwanasaumu aliyekuwa ameinama akainuka taratibu, mabega yakitanuka ndani ya kanga hata kizimba kikalia, akamkazia macho jaji bila kupepesa, na kutoka kifuani mwake, midomo ikiwa haijafunguka vizuri, ikatoka ile sauti: "Naam."

"Yes, my lord," akasema Justus.

Bi Dhahabu akasimama, akanong'ona, "Mwanangu huitika abee. Huyo ni mwanamume."

"Mama, yes ni yes," Justus akamjibu. "Kaa chini."

Wazee watatu wa baraza waliowekwa kumshauri jaji, wote wa pwani, walimwambia kwamba aliyejibu si Mwanasaumu. Jaji akawashukuru sana, very polite, kisha akavaa juu ya wigi kitambaa cheusi, kile cha hukumu ya kifo.

Walipomteremsha ngazi, Mwanasaumu alimshika mamake mkono. "Mama, wameniuliza nini?"

Walimnyonga. Bendera yao imeshuka, yetu imepanda, na sheria ile tumeirithi neno kwa neno, hata koma hatukuigusa. Basi nyinyi mawakili na majaji wetu, mnaopigania wigi walizoziacha: mmoja wenu asimame atujibu. Mliyemhukumu yuko wapi sasa, na amekaa ndani ya nani?