Mamba Aliyetiwa Macho

Mjomba wangu Watson alikuwa mtu wa maneno mengi, na Nchelenge nzima, mji wetu wa kando ya ziwa, ilimpenda kwa hilo. Sisi ni ukoo wa Samaki. Nyumba ya chifu ni ukoo wa Mamba. Kwa hiyo sisi na wao ni watani: tunachambana hata misibani, na hakuna anayekasirika.

Watu wa Mamba husema kwamba mamba akilala mchangani, pua ameielekeza kwenye mlango wa nyumba, mtu wa nyumba hiyo ataondoka asirudi. Asubuhi moja ya jua zuri, mjomba akafinyanga mamba wa tope mbele ya mlango wa Mama Mwape, dada yake chifu, pua ikitazama ndani. Akamtia macho, magamba mawili ya konokono niliyomwokotea ufukweni. Tulicheka mpaka machozi.

Mama Mwape naye alicheka. Halafu akainama, akaangalia vizuri.

"Mutani wangu, macho umetia juu ya nini?"

"Mama, ni kwa kuchekesha tu."

"Yenye haina macho ni tope. Hii inaona mwenye aliitengeneza." Akashusha sauti. "Ivunje weye mwenyewe. Na usilale karibu na maji."

Mjomba akaivunja kwa jembe, akalirudisha tope ziwani. Gamba moja lilipatikana. La pili tulilitafuta mpaka jua likawa utosini, hatukuliona.

Hapo utani ukamwishia. Akakimbilia kambi ya Kenani, mbali na ziwa, kwa rafiki yake Dédé, mkimbizi wa Kongo anayelima mihogo huko. Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, mjomba akaingia ndani kujilaza. Dédé alikaa mlangoni akimenya mihogo. Hakuna mtu aliyepita.

Akasikia kitu kinajiburuta ndani. Akaita. Akaingia.

Mkeka ulikuwa umeloa. Tope bichi, lenye harufu ya ziwa, lilitoka ukutani hadi mkekani, pana kama tumbo la mnyama. Mjomba hakuwepo. Alipolala palikuwa na lile gamba la pili la konokono.

Tulizika mkeka. Niliumia, na bado naumia. Watani wetu wa Mamba walikuja kutuchekesha, kama ilivyo desturi, lakini hakuna aliyethubutu kutania. Mama Mwape aliyatia magamba yote mawili kaburini kwa mkono wake, akayafukia.

Leo asubuhi nimetoka kufagia mlangoni kwangu. Mvua haijanyesha miezi mingi. Magamba yapo hapo, mawili, yanachuruzika maji. Yanatazama ndani.