Mdudu Mmoja, Nguo Tatu

Kila jioni akitoka shule, Kavinya alivua sare, akala githeri iliyobaki mchana, akajaza mtungi maji na kupanda ngazi hadi kwenye paa la jumba lao, huko Njiru. Juu ya paa hilo wapangaji walikuwa wamepanga magunia ya mboga: sukuma wiki, terere, nyanya na kunde. Baba yake, Bwana Muasya, alikuwa dereva wa lori, na kila alipopita kwenye soko la mbuzi la Kiamaiko alileta samadi ya mbuzi. Kumwagilia magunia yale ilikuwa kazi ya muda mfupi tu. Kavinya aliweza kuirefusha mpaka jua likatua.

"Wewe mtoto, unayanywesha maji au unayasomea hadithi?" mama yake, Muthoki, alimuuliza alipokuja kuanua nguo.

"Namaliza, Mama."

"Na akili yako iko wapi?"

"Iko hapa hapa."

Haikuwa kweli kabisa. Akili yake ilikuwa chini ya jani la kunde, ikitembea polepole na wadudu. Huko chini mwanga ulikuwa wa kijani, na kelele za Barabara ya Kangundo zilisikika kwa mbali, kana kwamba zinatoka katika mji mwingine. Kulikuwa na wadudu wadogo weusi wenye vitone vyeupe, waliokaa pamoja mithili ya watoto wa chekechea. Kulikuwa na wengine wa kijani, wakubwa kidogo, wenye madoa ya waridi pembeni. Kavinya aliwapenda wote, ingawa ukiwagusa walitoa harufu ya kukunja pua.

Wiki hiyo wadudu ndio waliokuwa gumzo la Gredi ya Sita. Mwalimu Mukhwana alikuwa amechora wadudu wawili ubaoni.

"Huyu ni mbawakawa," alieleza. "Ana meno ya kutafuna, na mabawa yake magumu hukutana katikati ya mgongo kwa mstari ulionyooka. Huyu wa pili hatafuni. Ana mdomo mwembamba unaofanana na sindano, anaukunja chini ya kifua, na kwa huo hufyonza utomvu. Bawa lake la mbele ni gumu nusu, laini nusu. Akiyalaza mabawa, ncha zake hupishana. Huyu ni kunguni wa mimea."

Darasa zima likaangua kicheko.

"Kunguni, Ticha? Hawa wa kitanda?" Sylvance aliuliza.

"Wa kitanda ni binamu yao aliyeharibika tabia," alijibu Mwalimu Mukhwana bila kutabasamu. "Sasa sikilizeni. Mtafanya kazi wawili wawili. Kusanyeni wadudu, muwapange kwa aina. Boksi lenye aina nyingi zaidi, aina za kweli, litakwenda kwenye maonyesho ya sayansi pamoja na wenyewe. Huko kuna hadubini. Ukimtazama mdudu kwa hadubini, utaona hata vinyweleo vya miguu yake."

Tangu neno hilo litamkwe, Kavinya hakutaka kitu kingine duniani. Aliota hadubini usingizini, akaiota akiwa macho. Alitamani kuuona ule mdomo wa sindano ulivyokunjwa.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Sylvance, mvulana mwenye mbio kuliko subira. Yeye hakupanda juu ya paa lolote. Kila alfajiri alikimbia hadi chini ya mulika mwizi, ile taa ndefu iliyomulika mtaa mzima, akaokota wadudu waliovutwa na mwanga usiku na kufa.

"Niaje, Kavi! Cheki hii mali!" alisema, akifungua mfuko.

Kulikuwa na mbawakawa wa kila namna. Kulikuwa na kunguni wembamba, wadogo kuliko punje ya mchele, ambao ncha za mabawa yao zilikuwa zimeinama. Kulikuwa pia na kunguni mkubwa wa kijani kitupu, asiye na doa hata moja. Kavinya alileta wale weusi na wale wenye madoa ya waridi kutoka kwenye kunde. Wakakata ndara kuukuu za mpira, wakagandisha vipande ndani ya boksi la viatu, wakawachomeka wadudu hapo kwa pini. Mweusi akawa aina moja, mwenye madoa aina nyingine, wa kijani kitupu aina nyingine tena. Sylvance akahesabu, akalinganisha na boksi la Ndete na mwenzake wa meza ya nyuma, lililokuwa likiongoza, akaruka.

"Tumempita Ndete! Tumempita kwa mmoja!"

Jioni ya kuamkia siku ya Mwalimu kukagua maboksi, Kavinya alikuwa chini ya jani lake kama kawaida. Mdudu mmoja mwenye madoa alikuwa ametulia, kichwa chini, hatembei. Kavinya akadhani anakufa. Mara ngozi ya mgongo ikapasuka. Kitu cheupe chenye ukijani kikaanza kujitoa polepole, mguu mmoja, kisha mwingine, kikapumzika, kikaendelea. Mabawa yalikuwa yamekunjamana. Yakanyooka taratibu. Kavinya alisahau mtungi, akasahau hata kupepesa macho. Jua lilipogusa ukuta wa mwisho, mdudu yule alikuwa amesimama kando ya nguo yake kuukuu, na rangi ilikuwa imeanza kumkolea: kijani kitupu, bila doa hata moja.

Ngozi tupu ilibaki imeshikilia jani, na madoa yake ya waridi.

Ndipo akakumbuka kwamba wiki iliyotangulia wale weusi walikuwa wakipungua na wenye madoa wakiongezeka. Alidhani weusi wamehama. Kumbe hawakuhama. Walikuwa wamekua tu! Alifurahi karibu apige kelele. Kisha akakumbuka boksi, na furaha ikamwisha. Zile aina tatu zilikuwa mdudu mmoja.

Asubuhi alimwonyesha Sylvance ile ngozi.

"Na nani anajua?" Sylvance alinong'ona.

"Mimi najua. Sasa na wewe unajua."

"Kavi, tafadhali. Usituchome kwa Mwalimu. Hutaki kuona hiyo hadubini?"

Alitaka. Mwalimu alipofika kwenye meza yao, Sylvance alitaja aina zote bila kukwama. Mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika, akainua chaki kuandika. Angekaa kimya kwa muda mfupi tu, safari ingekuwa yake.

"Mwalimu," alisema. "Hawa watatu ni mmoja. Huyu mweusi na huyu wa madoa ni watoto. Nilimwona akivua ngozi. Ngozi yenyewe hii hapa."

Sylvance akainamisha uso. Mwalimu Mukhwana aliipokea ngozi kwa ncha za vidole, akaitazama dirishani.

"Kunguni hapitii hali ya bundo, ile ya kulala ndani ya ganda, kama kipepeo," alisema taratibu. "Mtoto wake huitwa tunutu. Hujivua ngozi mara kadhaa, na mara ya mwisho hutoka na mabawa kamili. Nimelifundisha jambo hili miaka mingi, lakini mwanafunzi hajawahi kuniletea ngozi yenyewe."

Kwenye meza ya nyuma ikasikika pini ikichomolewa, kisha nyingine. Alikuwa Ndete, akiwatoa tunutu kwenye boksi lao wenyewe. Meza nyingine nazo zikaanza kuchomoa. Hata hivyo, boksi la Kavinya lilikutwa na tunutu wengi zaidi, na hesabu ilipofanywa upya, Ndete alishinda.

Kavinya aliuma mdomo ili asilie.

"Mwalimu," Ndete akasema, "kule watatuuliza wadudu hawa wanaishi vipi. Sisi tumewaokota tu. Naomba twende na Kavinya."

"Hilo nami nilitaka kulisema," Mwalimu alijibu. "Boksi lina wadudu. Kavinya ana maisha yao."

Kwa siku kadhaa Sylvance hakumsemesha. Lakini jioni ya maonyesho, Kavinya aliporudi na kupanda kwenye paa, alimkuta ameketi kando ya gunia la kunde. Mama Kavinya, aliyekwisha kusimuliwa yote, alikuwa akianua nguo.

"Mdomo wake ukoje?" Sylvance aliuliza, bila salamu.

"Si sindano moja. Ni ala, kama ya kisu, na ndani yake kuna nyuzi nyembamba sana. Nilitazama kwenye hadubini mpaka nikaondolewa ili foleni isogee."

Mama akacheka, kisha akatulia na kibanio mkononi.

"Nilidhani mwanangu anapoteza muda hapa juu, na nilikosea," alisema. "Kutazama kwa makini ni kazi. Lakini kusema kweli ya ulichokiona, hata kama itakunyima kitu unachokitamani, hiyo ndiyo kazi kubwa. Ukiificha kweli, umetazama bure. Mmesikia nyote wawili?"

"Ndiyo, Mama," alijibu Kavinya, akafungua mdomo kuendelea.

"Shh!" Sylvance alimkatiza, yeye aliyekuwa hajui kunyamaza. Pua yake ilikuwa karibu iguse jani. "Usiongee. Huyu ameanza kupasuka mgongoni."